Waliobaki Kwenye Benchi

"Pita tu, mwanangu. Mimi sistahili."

Mama aliyeniambia hivyo alikuwa ameketi mwisho wa benchi letu, upande wa njia ya katikati. Mzee wa kanisa alikuwa amefika kwenye safu yetu na kutuashiria kwamba zamu yetu ya kwenda kwenye Meza ya Bwana imewadia. Nilisimama nikamngoja atangulie, kwa kuwa ni mtu wa umri wa mama yangu mzazi, lakini yeye aliivuta miguu yake pembeni, akaikumbatia Biblia yake kifuani, akatuachia nafasi sisi wengine tupite. Hakulia wala hakuonekana kuona haya. Alisema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulizoea jambo.

Wiki kadhaa zimepita na maneno yale bado yananisumbua.

Hayanisumbui kwa ugeni wake. Kila Jumapili ya Chakula cha Bwana wapo wanaobaki kwenye mabenchi, na tumezoea kuwapita bila kuwatazama usoni tukidhani kwamba huo ndio ustaarabu. Yananisumbua kwa sababu mwanamke yule huja ibadani kabla ya kengele ya pili, huimba tenzi bila kufungua kitabu, humwombea kila mgonjwa wa jumuiya yake kwa jina, na bado anaamini kwamba meza iliyoandaliwa mbele yake ni ya watu wengine.

Baada ya ibada nilimwamkia, tukatembea pamoja hadi barabarani. Sikumuuliza lolote; alinieleza mwenyewe, na ameniruhusu niyaandike haya bila kumtaja. Alipokuwa msichana alizaa kabla ya ndoa. Alitengwa, akakaa nyuma kwa miezi mingi, kisha akasimamishwa mbele ya usharika wa huko alikozaliwa, akatubu, akaombewa, akapewa mkono na kurudishwa kundini. Mwanamume aliyezaa naye hakuitwa mbele ya mtu yeyote.

"Walinisamehe, mwanangu," alisema. "Lakini lile andiko lipo palepale."

Sura inayosomwa nusu

Andiko lenyewe ni lile la Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, kwamba kila aulaye mkate huo au kukinywea kikombe cha Bwana "isivyostahili" atakuwa amejipatia hatia ya mwili na damu ya Bwana. Sijui andiko lingine lililowaweka Wakristo wengi kwenye mabenchi kuliko hili. Mara nyingi tunalisikia kuanzia mstari wa 23, pale Paulo anapoeleza usiku ule Bwana alipotolewa, na onyo likishatamkwa, msomaji hufunga kitabu.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma mapema zaidi, kwenye mstari wa 17, na nikaendelea mpaka mwisho wa sura. Paulo hawaandikii watu wanaolemewa na dhambi zao. Anawaandikia watu walioshiba. Huko Korintho Chakula cha Bwana kiliandamana na chakula halisi cha jioni, na wenye uwezo walikuwa wakitangulia kula vyakula vyao wenyewe, hata ikawa, kwa maneno yake, "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Inaelekea waliochelewa walikuwa watumwa na vibarua, ambao hawakuwa na mamlaka juu ya saa zao. Paulo anawauliza wale walioshiba kama wanalidharau kanisa la Mungu na "kuwatahayarisha hao wasio na kitu." Hasira yake yote iko hapo. Na anapofika mstari wa 33, akifunga shauri lenyewe, hawaambii wakae mbali na meza, bali anawaambia kwamba wakutanikapo kula, wangojane.

Nililisoma mara kwa mara, nikaona uchungu wake. Onyo lililoandikwa kumlinda maskini asiaibishwe mezani ndilo linalomweka benchini mwanamke aliyeaibishwa mbele ya usharika mzima.

Hata agizo la kujihoji, ambalo ni agizo la kweli na sitaki kulipunguza, haliishii pale tunapolikatia. Mtu ajihoji mwenyewe, anasema Paulo, "na hivyo aule mkate." Kujihoji kunaelekea kwenye kula. Mahali popote katika sura ile hakuna mtu anayejihoji akaambiwa arudi nyumbani na njaa.

Nilipomsomea mama yule mistari hiyo, alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasema, "Ni kweli kabisa, mwanangu. Lakini mimi najijua."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maelezo sahihi ya andiko, hata yakiwa ya lazima, hayafiki peke yake mahali hisia hii inapokaa.

Mtoto wa kulelewa

Mimi nililelewa nyumbani kwa ndugu wa baba. Sikuteswa, na ninaandika hivi kwa shukrani ya dhati, maana walinilisha, wakanisomesha na kunipeleka kipaimara pamoja na watoto wao. Hata hivyo, mtoto anayeishi kwa watu hujifunza mambo ambayo hakuna anayemfundisha. Nilijifunza kuchukua kipande kidogo kuliko vyote. Nilijifunza kuinuka mezani kabla ya wengine na kuanza kuosha vyombo bila kuambiwa, kuficha homa mpaka izidi, na kutoomba daftari jipya hadi la zamani lijae mpaka kwenye jalada. Kila tonge lilikuwa deni, na nililipa kwa kutokuwa mzigo.

Nilipoanza kuomba kwa akili zangu mwenyewe, nilimwendea Mungu hivyohivyo.

Niliomba kama mgeni aliyekaa kwa watu muda mrefu kupita kiasi. Sikuomba makubwa. Niliharakisha kutumika, nikaingia kwaya, nikawa mwalimu wa shule ya Jumapili, nikajitolea kwenye kila kamati, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba hiyo ilikuwa bidii ya imani. Kwa sehemu ilikuwa hivyo. Kwa sehemu nyingine ilikuwa hofu kwamba siku moja Mungu angenitazama vizuri na kujuta kunipokea.

Ndiyo maana habari ya Mefiboshethi, katika sura ya 9 ya Kitabu cha Pili cha Samweli, ilinishika kwa namna ambayo mahubiri mengi hayakuwahi kunishika. Alikuwa mjukuu wa Sauli, mfalme aliyemwinda Daudi. Alikuwa na umri wa miaka 5 habari za kifo cha babu yake na baba yake zilipofika, mlezi wake akamchukua na kukimbia, na katika haraka ile akaanguka, akawa kiwete. Daudi anapomwita, tayari ni mtu mzima anayeishi Lodebari, katika nyumba ya mtu mwingine. Naye anapofika mbele ya mfalme anaanguka kifudifudi na kujiita mbwa mfu.

Nilikuwa nimesikia habari hiyo tangu shule ya Jumapili, lakini nilikuwa sijawahi kuangalia Daudi anamjibu nini.

Hamjibu kitu. Hamwambii kwamba yeye si mbwa mfu, wala hamhesabii sifa zake, wala hamtii moyo. Anamgeukia Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli, na kuanza kutoa amri kuhusu mashamba: nani atalima, nani atavuna, mazao yatakwenda wapi. Swali la kustahili halijadiliwi, kwa sababu lilikuwa limekwisha kufungwa kabla Mefiboshethi hajafika, tena kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Daudi alikuwa amefanya agano na Yonathani, baba wa Mefiboshethi. Mwana yule aliitwa kwa ajili ya baba yake, na ndiyo sababu pekee inayotolewa.

Sura ile inarudia mara nne kwamba Mefiboshethi atakula mezani pa mfalme, na mara moja inasema kwamba atakula kama mmoja wa wana wa mfalme. Kisha inamalizika kwa kutuambia kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Meza ya Daudi haikuiponya miguu yake. Alifika pale akichechemea kila siku, na kila siku nafasi yake ilikuwapo.

Kwangu mimi, hapo ndipo mambo yalipoanza kugeuka. Kwa miaka mingi nilikuwa nikimtaka Mungu anijibu kama ninastahili au sistahili, na nilichoka kwa sababu kila jibu lilidumu kwa muda mfupi tu. Habari hii ilinifundisha kuuliza jambo jingine: nimeitwa kwa ajili ya nani? Jibu la swali hilo halibadiliki nikiamka vibaya. Injili inasema kwamba nimeitwa kwa ajili ya Kristo, na agano lake lilifungwa kwa damu yake kabla sijazaliwa, kabla sijaimba wala kutumika popote.

Kujitamkia thamani

Najua wengi wanapewa dawa nyingine. Husimamishwa mbele ya kioo au mbele ya madhabahu na kuambiwa wajitamkie kwamba wao ni washindi, kwamba ni kichwa wala si mkia, kwamba wanastahili kila kilicho chema. Sipendi kuwadharau wanaofundisha hivyo, kwa maana wengi wao wanawahurumia watu kweli. Lakini nimejaribu, na ninaona kwamba mafundisho hayo yanauacha moyo uendelee kujitazama wenyewe, ila sasa unalazimika kujisifu badala ya kujilaumu. Jumatatu asubuhi mtu hukutana na maisha yake yaleyale, na kauli za Jumapili humshitaki badala ya kumtetea.

Maandiko hayafuati njia hiyo. Petro anapoanguka magotini pa Yesu ndani ya chombo na kumwomba aondoke kwake kwa kuwa yeye ni mtu mwenye dhambi, Bwana hambishii. Anamwambia asiogope, na hapohapo anampa kazi.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa yule akida wa Kapernaumu, ofisa wa jeshi ambaye mtumwa wake alikuwa mgonjwa, hasa kama Luka anavyousimulia katika sura ya 7. Wazee wa Wayahudi wanakwenda kwa Yesu na kumsihi wakisema kwamba huyu amestahili, maana analipenda taifa letu, "naye alitujengea sinagogi." Muda si mrefu rafiki za akida mwenyewe wanafika na ujumbe wake: "mimi sistahili wewe uingie chini ya dari yangu." Wazee wanahesabu mchango wake. Yeye mwenyewe hautaji hata kidogo. Anaomba neno tu, kwa sababu anaamini kwamba neno la Kristo linatosha, na Yesu anastaajabu na kusema kwamba hata katika Israeli hajaona imani kubwa namna hii. Ndugu zetu Wakatoliki wameyafanya maneno ya akida kuwa sala, nao huyasema kila misa kabla tu ya kukomunika: "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Wanakiri kwamba hawastahili, kisha wanakwenda kupokea.

Sisi tunaopanga foleni na bahasha za ahadi na za ujenzi, ambamo jina na namba ya kila mshiriki vimeandikwa, tunahitaji kuisikia habari hiyo mara nyingi. Kutoa ni kwema. Lakini nimewaona watu wakijificha ibada nzima kwa sababu ahadi yao haijamalizika, na hakuna aliyesimama kuwaambia kwamba Kristo hakuja kwa akida kwa sababu ya sinagogi.

Pale ambapo hakuna dhambi ya kutubu

Kuna jambo ambalo sitaki kulipita, maana hapa tumewaumiza wengi. Si kila anayejiona hafai ana hatia. Wengine wana aibu, na aibu ni mzigo wa namna nyingine. Mwenye hatia anajua alichofanya, naye anaweza kukitaja na kusamehewa. Mwenye aibu mara nyingi hajafanya neno; amefanyiwa, au amekosa kupata kitu ambacho watu walimdai.

Ninamfahamu dada mmoja aliyeolewa kwa miaka mingi bila kupata mtoto. Ameitwa majina ukweni. Amefunga na kutubu, akatafuta ndani ya maisha yake dhambi iliyofunga tumbo lake, na alipoikosa akatubu dhambi za wazazi wake. Kila maombezi yaliyomtaka atubu zaidi yalimthibitishia kwamba kasoro ni yake. Mtu kama huyo ukimhubiria msamaha peke yake hujamfikia.

Mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka 12, ambaye Marko anamsimulia katika sura ya 5, hakuwa na kosa la kuungama. Alikuwa na hali iliyomfanya ahesabiwe najisi, akaja kwa nyuma, kwenye msongamano, akitaka kugusa vazi na kuondoka. Yesu alikuwa akiharakishwa kwenda nyumbani kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake alikuwa mahututi. Akasimama. Hakumruhusu aondoke kwa siri kama alivyokuja, na kwa muda mrefu nilidhani huo ulikuwa ukali. Sasa naona kwamba damu ilikwisha kukauka, lakini aibu ilikuwa bado, na aibu haiponi mafichoni. Alimngoja aseme kweli yote mbele ya umati uleule uliompa jina baya, ndipo akamwita "Binti", mbele ya baba aliyekuwa akimlilia binti yake.

Ndugu wa Uamsho

Bibi yangu kule Kagera alikuwa mlokole, na kwake nilipata kuona kanisa lililolielewa jambo hili kwa vitendo. Uamsho wa Afrika Mashariki ulianzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda na kuvuka kuingia Bukoba na kwingineko. Mzizi wake mmoja uko Namirembe, Kampala, mwaka 1929, ambako Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa mmisionari Gahini, na Simeoni Nsibambi, Mganda, walikaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Ninapokumbuka kwamba hiyo ilikuwa enzi ya ukoloni, wakati Mwafrika alifundishwa kwa njia nyingi kwamba yuko chini, ninaona uzito wa tendo lile. Watu wale walipokutana msalabani hawakupandishana vyeo. Wote walishuka, mzungu na mweusi, wakaungamiana dhambi zao na kuitana ndugu.

Bibi aliungama mambo madogo sana mbele ya wenzake: wivu, maneno makali, sukari aliyomnyima jirani. Kisha aliimba. Sikumwona hata siku moja akibeba kwa wiki nzima jambo aliloliungama siku ya ushirika.

Uamsho nao ulikuwa na udhaifu wake. Mahali pengine ushuhuda uligeuka kipimo, na aliyekosa kisa kizito cha kusimulia akahesabiwa kuwa hajaokoka sawasawa. Lakini kile nilichokiona sebuleni kwa bibi kilikuwa cha kweli: aliyesikiliza maungamo yako leo, kesho angeungama mbele yako. Mama wa kwenye benchi letu alisimama peke yake mbele ya watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyesimama baada yake.

Swali alilonirudishia

Nilipomtembelea mara nyingine, tulizungumza juu ya Martin Luther. Sisi Walutheri tunamtaja sana, lakini ni mara chache tunakumbuka kwamba alipoadhimisha misa yake ya kwanza huko Erfurt mwaka 1507 alishikwa na hofu hata akakaribia kuiacha altare, na kwamba alimchosha Johann von Staupitz, mkubwa wake wa utawani, kwa maungamo yasiyokwisha. Mtu huyo ndiye aliyeandika Katekisimu Ndogo mwaka 1529. Nilimuuliza mama kama bado anaikumbuka ile sehemu inayouliza ni nani anayestahili kuipokea sakramenti hii.

Aliisema yote bila kukwama. Kwamba kufunga na kujiandaa kwa mwili ni utaratibu mwema wa nje, lakini anayestahili kweli na kuandaliwa vema ni yule anayeyaamini maneno haya: yametolewa na kumwagwa kwa ajili yenu. Aliikariri akiwa msichana wa kipaimara, na jibu lilikuwa kinywani mwake muda wote huo.

Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Sasa kama ni hivyo, mwanangu, mbona walinikalisha nyuma miezi yote ile?"

Sikuwa na jibu la kumpa, na sitaki kulitengeneza hapa. Kanisa lina haki ya kuonya. Paulo huyohuyo, katika sura ya 5 ya waraka uleule, anaagiza mtu atolewe, na katika waraka wa pili anaagiza aliyeadhibiwa na wengi asamehewe na kufarijiwa, asije akamezwa na huzuni ipitayo kiasi. Amri ile ya kwanza tumeitunza kwa utaratibu wake wote, kwa madaftari na matangazo. Ile ya pili tumeipa asubuhi moja ya kushikana mikono, na baada ya hapo tumewaacha watu wamezwe wenyewe, polepole, kila Jumapili ya Meza ya Bwana, huku tukipita mbele ya magoti yao.

Mama yule hajaenda mezani bado. Sasa huwa nakaa naye benchi moja kila Jumapili, kwa kuwa ameniomba nifanye hivyo, na tunaendelea kuzungumza.

Kwa uongozi wa usharika wetu nimepeleka maombi matatu. La kwanza, siku za Chakula cha Bwana sura ile isomwe kuanzia mstari wa 17 hadi wa 34. La pili, kila mshiriki aliyerudishwa kundini kisha haonekani mezani atembelewe nyumbani na mzee wa mtaa wake, si kwa kuhojiwa bali kwa kualikwa. La tatu, asiitwe tena msichana yeyote mbele ya watu kwa kosa la watu wawili. Mchungaji ameyakubali mawili ya kwanza, na la tatu limepelekwa kwenye baraza la wazee, ambako nimeombwa niende kulieleza mwenyewe.